Asili Tupu

Kopo la kwanza la jeli yangu lilikuwa na ute wa alovera, maji ya majani ya mwarobaini na manjano kidogo. Basi. Lebo nilichapisha steshenari ya hapa Chanika: "Asili tupu. Haina kemikali." Sikuwa hata nimepeleka sampuli TBS, wanaosimamia vipodozi tangu 2019. Siku ya nane nikafungua kopo nililojibakizia, nikakuta ukungu umeota chini ya kifuniko. Mengine sita nilishauza.

Moja alilinunua binti wa jirani, yuko kidato cha nne. Alikuja jioni, mashavu kayafunika kwa khanga. Vipele vimeongezeka, vingine vina usaha.

"Dada, ndiyo inatoa uchafu?"

Hakuja kulalamika. Tumelelewa kuamini kwamba dawa ikichoma inafanya kazi, na ningesema "ndiyo" angeendelea kupaka. Nilimwambia aache, nikamrudishia hela yake na kumsindikiza zahanati.

Sasa natia sodiamu benzoeti, ileile inayotiwa kwenye baadhi ya soda. Inafanya kazi jeli ikiwa na uchachu wa kutosha, kwa hiyo napima kwa karatasi kila ninapochanganya. Ukungu umekoma. Shida imehamia kwenye lebo. Wateja wanageuza kopo kutafuta "haina kemikali", na rafiki yangu ananishauri niyaache maneno hayo: uongo mdogo, unaowalinda ngozi.

Nusura nikubali. Lakini hofu ya wateja si ujinga. Wameunguzwa na mkorogo, na krimu zenye zebaki na haidrokwinoni zilizopigwa marufuku. Wapo pia wanaochanganya betamethasoni kimyakimya na kuiita mitishamba: chunusi zinanywea ndani ya siku chache, mtu akiacha zinarudi kwa hasira. Huyo naye anaandika "asili tupu". Binti yule atatutofautishaje, kama mimi mwenye nia njema nimeazima maneno yake? Na hiyo asili yenyewe si malaika. Utomvu wa njano chini ya ganda la alovera unawasha ngozi, ndiyo maana nauchuja kwanza.

Nimechapisha lebo mpya, viambato vyote vimeandikwa. Juzi binti alipita, uso umetulia kiasi. Alilisoma kopo polepole, akakwama kwenye benzoeti.

"Hii nini, dada?"

Nikamweleza, hadi habari ya soda. Akatikisa kichwa kuonyesha ameelewa, akalirudisha kopo mezani taratibu, akasema atapita mwisho wa mwezi.