Fimbo na Ada

Wako wasemao kwamba darasa la Kibera au la Kongo ya Kawangware, ambamo watoto hukaa bega kwa bega, haliendeki bila ya fimbo. Mwaka 2003 serikali ilipoondoa karo katika shule zake za msingi, madarasa yalifurika. Na fimbo ilikwisha katazwa tangu mwaka 2001. Basi mwalimu ashike nini?

Twajibu: ashike ada. Mtoto na ajue kuwa mlangoni hutolewa salamu, ajue nani agawaye vitabu, na ishara ipi ni ya kunyamaza. Naye akiketi alikute swali la kwanza ubaoni. Jambo lirudiwalo kila siku kwa namna moja huwa tabia, na tabia haihitaji mlinzi. Wingi wa watoto, basi, si udhuru wa kuiacha ada, bali ndio sababu ya kuishika.

Ama fimbo, hutiiwa maadamu mwalimu anatazama. Ibn Khaldun, katika Muqaddima yake ya mwaka 1377, alionya kwamba ukali humfunza mwanafunzi uwongo na hila, akadhihirisha yasiyokuwamo moyoni kwa kuuogopa mkono. Je, huo ndio utulivu tuutakao?

Lakini, enyi walimu, ada humfunga mwalimu kwanza. Akichelewa yeye, au akimsalimu mwana wa tajiri na kumpita yatima, ada yake imekuwa fimbo nyingine. Atakaye kutiiwa na aanze yeye kutii.