Mwache Mama Aende Zake

Andiko: Kumbukumbu la Torati 22:6-7; Mwanzo 1:20-22; Ayubu 38:29-30

Kwa wale ambao hawakuwa ibadani Jumapili (niliviona viti), haya ndiyo tuliyojifunza.

Fungua nami Kumbukumbu la Torati sura ya 22. Ni sura ambayo wengi tunairuka tukikimbilia sura ya 28 yenye baraka. Hapo kuna ng'ombe wa jirani aliyepotea, kuna ukuta wa dari, kuna mambo ya mavazi, halafu katikati, ghafla, kuna ndege. Musa anasema ukiwa njiani ukakuta kiota, kiwe juu ya mti au chini, na mama amelalia mayai au makinda, usimchukue mama pamoja na watoto wake. Makinda unaruhusiwa. Mama, hapana, mwache aende. Kisha anaweka ahadi juu yake: mambo yako yaende vizuri na siku zako ziwe nyingi. Sasa rudi sura ya 5 mstari wa 16, amri ya kuwaheshimu baba na mama. Umeona? Ahadi ni ile ile. Mungu amechukua ahadi kubwa namna hiyo akaiweka juu ya ndege wa njiani.

Na hebu tuulize, hicho kiota kiko wapi? Kiko njiani. Hakiko shambani kwa mtu. Hakuna mwenye kiota atakayekuja kukupeleka kwa chifu. Mama ndege mwenyewe hawezi kukushtaki. Ukibeba mama na watoto wote ukaenda nao nyumbani, jioni utakula vizuri na hakuna atakayejua. Ile amri imewekwa mahali ambapo hakuna mwenye mali na hakuna askari. Mimi nilisomea biashara, kwa hiyo nauona mstari huu kwa macho hayo: makinda ni faida, mama ni mtaji. Mungu hakatazi faida. Anakataza mtu kula mtaji kwa sababu tu ameukuta hauna mwenyewe.

Leo nataka niwapeleke kwenye kiota kikubwa kuliko vyote vilivyo njiani. Funga sweta, tunaenda kusini kabisa mwa dunia, Antaktika. Mungu alipomuuliza Ayubu, mtu wa nchi ya joto, kuhusu chanzo cha barafu na kuhusu vilindi vinavyoganda juu, alikuwa anamwonyesha kazi ambayo Ayubu hakuwa na haja nayo. Haikumpa chakula, wala hakuwahi kufika huko. Mungu alitaka tu ajue kwamba huko pia ni kwake.

Huko kuna Bahari ya Ross. Karibu theluthi moja ya pengwini wote wa aina ya Adelie wanaishi sehemu hiyo. Kuna nyangumi, kuna sili, na chini ya barafu kuna samaki mkubwa anayeweza kufika urefu wa mita mbili na kuishi karibu miaka 50. Maji anayoishi ni baridi kiasi kwamba damu yake ingeganda. Lakini Mungu ameweka ndani ya damu hiyo protini inayozuia barafu, kama yale maji ya rangi fundi anayomimina kwenye rejeta ya gari. Wanasayansi waligundua jambo hilo miaka ya 1960. Mwanzo 1:22 inasema Mungu aliwabariki viumbe wa majini waongezeke na kuyajaza maji. Angalia vizuri, ni mstari wa 22. Baraka ya mwanadamu iko mstari wa 28. Samaki walibarikiwa kabla yetu!

Samaki huyo anauzwa kwenye mahoteli makubwa ya Marekani kwa jina la Chilean sea bass, kwa bei ambayo sitaitaja kanisani. Shida ni kwamba anachukua zaidi ya miaka 10 kabla ya kuanza kuzaa. Ukimvua haraka kuliko anavyozaa, umebeba mama.

Na tayari wanadamu walishabeba mama huko. Katika karne ya 20, meli za kuwinda nyangumi ziliua nyangumi wa buluu zaidi ya 300,000 katika bahari za kusini, wakubwa, wadogo, wenye mimba, wote, kwa ajili ya mafuta. Hakuna nchi iliyokuwa na bahari hiyo, kwa hiyo kila mmoja aliona akiacha, mwenzake atachukua. Uwindaji wa biashara ulikuja kusimamishwa na mataifa mwaka 1986, na mpaka leo nyangumi wa buluu wa Antaktika bado ni wachache sana. Hesabu za mtu aliyekula mtaji ndivyo zinavyokuwa. Unaacha leo, lakini hasara inaendelea kulipwa na wajukuu.

Ndiyo maana jambo lililofanyika Oktoba 2016 mjini Hobart, Australia, lilinigusa sana. Kuna tume ya kimataifa inayosimamia viumbe hai wa bahari ya Antaktika, iliyoanza kazi mwaka 1982. Siku hiyo nchi 24 pamoja na Umoja wa Ulaya zilikubaliana kuitenga Bahari ya Ross iwe hifadhi. Ni kilomita za mraba milioni 1.55, zaidi ya mara mbili na nusu ya Kenya yetu yote. Karibu asilimia 72 yake hakuna kuvua kabisa kwa biashara. Hifadhi ilianza rasmi tarehe 1 Desemba 2017.

Usifikiri ilikuwa rahisi. Tume hiyo inaamua kwa makubaliano ya wote. Wale walio kwenye chama wanaelewa: mkiwa na kanuni kwamba lazima kila mwanachama akubali, basi mmoja akikataa, hoja imekufa. Marekani na New Zealand walileta hoja hii ya pamoja tangu 2012, ikakataliwa mwaka baada ya mwaka, ikapunguzwa ukubwa, ikawekewa sehemu za uvuvi wa utafiti. Mwishowe Urusi, iliyobaki ya mwisho, ikakubali. Na hata hapo iliwekwa kwa miaka 35 tu, yaani mpaka 2052. Mtoto aliyezaliwa mwaka huo wa 2016 atakuwa na miaka 36 wakati watu watakapoketi tena kuamua kama mama ataendelea kuachwa.

Kuna hoja nyingine tatu mezani: Antaktika Mashariki, Bahari ya Weddell, na ile rasi inayoelekea Amerika Kusini. Ya kwanza imekaa hapo tangu 2012. China na Urusi ndizo zimekuwa zikikataa. Tuwe waungwana, nchi hizo zina hoja yao. Mkataba wenyewe unasema kuhifadhi ni pamoja na kutumia kwa busara, nazo zinasema kufunga bahari kunahitaji sababu za kisayansi zilizo wazi. Ni kweli, hata Musa aliruhusu makinda. Lakini soma mstari wa 7 kwa utaratibu. Kinachotangulia ni nini? Kwanza mwache mama aende. Ndipo uchukue. Hawa wanataka kuchukua kwanza, halafu mambo ya mama tuyajadili mkutano ujao.

Huko kwenye rasi kinachovuliwa zaidi ni krili, wadudu wa baharini wanaofanana na uduvi wetu wa Pwani. Wanageuzwa kuwa chakula cha samaki wa kufugwa na vidonge vya mafuta. Pengwini, sili na nyangumi wote wanategemea krili. Mwaka 2025 kiwango kilichowekwa cha tani 620,000 kilifikiwa mapema, uvuvi ukafungwa kabla msimu haujaisha.

Kitu kimoja kilinishangaza. Kule kaskazini, katikati ya Bahari ya Aktiki, nchi tisa na Umoja wa Ulaya zilitia sahihi mwaka 2018 kwamba hakuna atakayevua kwa biashara kwa miaka 16 ya kwanza. Ndani ya hizo tisa wamo Urusi na China! Wale wale. Tofauti ni nini? Huko hakuna aliyekuwa ameanza kuvua. Kiota ambacho hujaonja mayai yake ni rahisi kukipita. Ukishaonja, hata mkataba unakuwa mrefu kusomeka. Wewe unayepanga kuacha jambo fulani "nikishapata kidogo tu," nadhani umenielewa.

Najua kuna mtu aliyekaa hapo akisema, Pasta, unga umepanda, karo inadaiwa, na wewe unatuhubiria pengwini. Sawa, mpendwa. Lakini uliza vijana wa mashua kule Watamu. Kila mwaka, kati ya Julai na Septemba, nyangumi wenye nundu wanapita pwani yetu kuzaa na kunyonyesha. Wanatoka wapi? Wanatoka Antaktika, wamekula krili wa huko wakashiba, na wakiwa huku kwetu karibu hawali kitu. Maziwa anayonyonya mtoto wa nyangumi mbele ya Malindi yametengenezwa kwa chakula cha kule kwenye barafu. Na sisi tulijua kuacha zamani. Mbuga za baharini za Malindi na Watamu zilitengwa mwaka 1968, kabla wengi wetu hatujazaliwa. Kenya haina kiti kwenye ile tume ya Hobart. Hatuna kura. Tunaletewa tu mama anayenyonyesha, na tunamwangalia akipita.

Katika vikundi vya maombi wiki hii, ombeeni mkutano wa Hobart. Huwa unafanyika kila mwaka mwezi wa Oktoba, na hoja zile tatu zitarudi mezani. Ombeeni wanaozikataa, kwa upendo, maana Urusi ilikataa miaka yote hiyo na mwaka 2016 ikasema ndiyo. Ombeeni wavuvi wetu wa Pwani wanaopata mtego wenye samaki mdogo na nyumbani hakuna kitu. Na kila kikundi kisome ile mistari miwili ya Kumbukumbu la Torati kwa sauti, kisha mzee mmoja awaeleze watoto jinsi viota vilivyoheshimiwa kijijini kwao.