Rangi za Balat na Wajibu wa Mgeni

Tupitapo katika vichochoro vya Balat, mtaa wa kale wa Istanbul kando ya Pembe ya Dhahabu, macho hushiba rangi za nyumba: nyekundu, manjano, samawati. Je, jicho likishashiba, wajibu wetu umekwisha? Hapa walihamia Wayahudi waliofukuzwa Hispania mwaka 1492. Sinagogi la Ahrida lingali limesimama, lakini Wayahudi wengi wa mtaa huu walihamia Israeli baada ya mwaka 1948, na nafasi yao wakaishika maskini waliotoka Anatolia. Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi asifuye ukuta bila kuuliza habari za mwenye nyumba hajamponya mtu. Tuulize kwanza, ndipo tusifu.