Kivuli cha Hazina ya Umma

Kila masika yanapokaribia, viongozi hushika majembe, miche hutiwa udongoni, na picha hupigwa. Hatulaumu jambo hilo. Twauliza swali lililo nyuma yake, ambalo ni la haki kabla ya kuwa la bustani: mti ununuliwao kwa fedha ya kodi wapandwa kwa ajili ya nani?

Atembeaye Upanga, Dar es Salaam, hukuta miti mikubwa nyuani na kando ya barabara. Akivuka Barabara ya Morogoro na kuingia Kariakoo, jua humpiga utosini. Tofauti hiyo haikuletwa na udongo wala mvua. Serikali ya kikoloni iliugawa mji kwa rangi za watu, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi kuwatenga. Upanga ulijengwa hasa miaka ya 1950 kwa ajili ya Waasia, nyumba zikapewa nyua. Kariakoo, mtaa wa Waafrika, ilikatwa viwanja vidogo. Penye ua, mti ulipata pa kusimama. Siku hizi maghorofa yanazila nyua za Upanga, lakini urithi ule haujafutika. Nazo sehemu hizi mbili zi chini ya Halmashauri moja ya Jiji, yaani mfuko mmoja.

Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato si' wa mwaka 2015, alisikitika kwamba mahali penye majani mabichi na uzuri hupatikana katika mitaa iliyo salama, na si kule wakaako watu ambao jamii imewatupa. Kariakoo haikutupwa, nusu ya nchi hununua bidhaa huko. Lakini mchukuzi na mama lishe husimama juani mchana kutwa.

Mwaka 2016 Mkoa ulizindua kampeni iitwayo Mti Wangu. Jina jema. Ila mwenye ua husema “mti wangu” kwa wepesi. Asiye na ua hawezi kulitamka neno hilo mpaka umma umpandie.

Wapo wasemao, kwa nia njema, kwamba fedha hiyo ingenunua dawa. Hospitali ya Taifa Muhimbili iko Upanga penyewe, hivyo hoja yao ina uzito. Ikiwa lazima kuchagua kati ya mgonjwa na mche, mgonjwa atangulie. Lakini bajeti ya mji haichagui hivyo: hiyo hiyo hulipia lami, taa na mapambo, na ndugu wa mgonjwa wangojao saa ya kuona wagonjwa wanahitaji kivuli kuliko mapambo.

Basi fedha isiishie siku ya kupanda. Mche wa Machi hukutana na ukavu wa Julai na Agosti. Asipolipwa mtu wa kuumwagilia, kodi imenunua kijiti. Tena ichaguliwe miti ya kivuli. Mwashoki husimama wima kama mshumaa wa Pasaka, hupendeza macho, na chini yake hapumziki hata kuku.

Atasema mtu kwamba Kariakoo haina nafasi. Kweli, mitaa imebanana, na chini kuna mabomba. Hata hivyo magari yamepatiwa mahali pa kuegeshwa mle mle, na shina la mkungu halitaki hata nafasi ya gari moja.