Bulaya Si Moja



Sifa njema zote ni za Allah (S.W.), Mola wa mashariki na magharibi. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu katika imani, kwetu Buyenzi, Bujumbura, tunasema "Bulaya", na hapa Uganda nimelikuta neno hilohilo. Mtu akisema fulani amekwenda Bulaya, hakuna anayeuliza ni wapi. Brussels ni Bulaya, Ohio ni Bulaya. Mwaka wa mwisho wa masomo ukikaribia, mazungumzo ya bwenini huwa ni hayo: nani amejaza fomu ya chuo gani, nani ana ndugu wa kumpokea, nani amepata viza. Sijasikia mtu akiuliza ataswali vipi huko.

Tuirudie Surat Quraysh, ambayo wengi wetu tuliihifadhi madrasa kabla hata ya kung'oa meno ya utoto. Ndani yake Makureishi wanakumbushwa safari zao mbili, ya majira ya baridi na ya majira ya joto. Wafasiri wengi wanasema ya baridi ilikuwa ya Yemen na ya joto ilikuwa ya Sham. Mfanyabiashara wa Makka hakufunga mzigo wa Yemen akaelekea nao Sham. Kisha sura inawaamrisha kumuabudu Mola aliyewapa chakula dhidi ya njaa na amani dhidi ya hofu. Shibe na amani ndivyo hata leo vinavyomtoa mtu kwao, na kila njia ina mtihani wake.

Familia yangu imegawika njia hizo mbili. Mjomba alikulia kambini Tanzania, kwa wazee waliokimbia Burundi mwaka 1972. Mama alirudi nyumbani, yeye akapelekwa Ohio pamoja na Warundi wengine ambao Marekani iliwapokea kuanzia 2007. Shangazi, dada wa baba, aliolewa Brussels. Wote wawili huniambia "huku kwa Wazungu", lakini ukiwasikiliza vizuri utadhani wanakaa sayari mbili.

Tuanze na salamu. Mjomba anasema Mmarekani asiyekujua atakuuliza hali yako dukani, kwa tabasamu, na atakuwa ameshageukia mteja mwingine kabla hujamaliza kusema alhamdulillah. Shangazi anasema kwenye tramu ya Brussels unaweza kupanda kila siku na watu walewale na usisikie sauti. Lakini ukiingia duka la mkate bila kusema "bonjour", umekosa adabu. Na huko Ohio bei iliyobandikwa kwenye bidhaa siyo utakayolipa: kodi huongezwa unapofika kwa mtoza pesa. (Wenzangu wa fiqhi ya biashara, najua mmeshaanza kutafuta mlango wa suala hilo!) Hayo ni madogo, mtu huyazoea kwa mwezi mmoja.

Kazi siyo ndogo. Nchi za Umoja wa Ulaya zinamlazimu mwajiri kumpa mfanyakazi likizo ya malipo isiyopungua wiki nne kwa mwaka. Marekani hakuna sheria ya taifa inayomlazimu mwajiri binafsi kutoa hata siku moja. Bima ya afya ya watu wengi huko imefungwa kwenye kazi, hivyo anayepoteza kazi huweza kupoteza na daktari. Sasa mfikirie mjomba, zamu yake ya ghalani inaanza saa sita mchana, msikiti uko mwendo wa nusu saa kwa gari, na basi la kufika huko halipo. Miaka miwili hakuswali Ijumaa. Hakuna aliyemkataza. Hakuna askari mlangoni wala sheria. Alikuwa anaogopa tu kuomba ruhusa, na hakujua kwamba sheria ya haki za raia ya 1964 inamtaka mwajiri aizingatie dini ya mfanyakazi. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikaza zaidi, katika kesi ya Mkristo wa posta aliyekataa kufanya kazi Jumapili: gharama ndogo haimtoshi mwajiri kuwa sababu ya kukataa. Mkristo yule alipigania Jumapili yake hadi mahakamani, na Ijumaa yetu imepata nguvu kutokana na hukumu hiyo. Mjomba aliomba ruhusa mwaka huu, akapewa.

Shangazi hana shida ya Ijumaa. Msikiti uko hatua chache kutoka kwake, na dola ya Ubelgiji imeutambua Uislamu tangu 1974, kiasi kwamba inawalipa mishahara maimamu wa misikiti iliyosajiliwa. Marekani, ambako katiba inaitenga dini na serikali, imamu hawezi kuota mshahara wa serikali. Waumini hujichangisha wenyewe. Ukiishia hapo utasema Ubelgiji imetuzidia. Lakini binti wa shangazi, miaka kumi na mitano, kila asubuhi anavua mtandio kwenye geti la shule na kuutia mkobani, kwa sababu kanuni ya shule inakataza. Binamu yake wa Ohio anaingia darasani na hijabu yake na hakuna anayemgusa.

Dada zangu, hili tulielewe kwa dalili, tusilichukulie kama maneno ya mtaani. Msichana wa Kiislamu aliomba kazi katika duka la nguo huko Oklahoma mwaka 2008, akanyimwa kwa ajili ya mtandio. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ilimpa haki, majaji wanane kwa mmoja. Ubelgiji, mpokea wageni wa kampuni moja alifukuzwa mwaka 2006 kwa mtandio huohuo. Mwaka 2017 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikasema kampuni yenye kanuni ya kukataza alama zote za dini na siasa haimbagui moja kwa moja Mwislamu. Ufaransa nayo ilikataza mtandio katika shule za serikali tangu 2004, na mwaka 2023 ikaongeza abaya. Wazungu ni walewale machoni petu, lakini hukumu mbili hizi zimepingana. Mmarekani anaona dini ni haki yako unayotembea nayo hadharani. Wazungu wengi wa Ulaya, hasa Wafaransa na Wabelgiji, wanaona hadharani pawe pasafi na dini ibaki nyumbani.

Lakini asitokee mtu akasema basi Marekani ni Habasha ya Najashi. Mwaka 2011 ilifichuka kwamba polisi wa New York walikuwa wakizipeleleza jumuiya za wanafunzi Waislamu vyuoni. Ndiyo, jumuiya kama hii yetu, zenye darsa na futari kama zetu. Mwaka 2017 wananchi wa nchi kadhaa za Kiislamu, Somalia ikiwemo, walifungiwa mlango.

Nyama pia. Mikoa ya Flanders na Wallonia ya Ubelgiji ilikataza mwaka 2019 kuchinja mnyama bila kumzimisha fahamu kwanza. Brussels bado inaruhusu. Sheria ya Marekani ya 1958 inautambua uchinjaji wa kidini kuwa ni wa huruma. Kwa hiyo swali la udhhiya wako linaweza kutegemea upande gani wa barabara unaishi.

Na jua, enyi watu wa ikweta! Sisi Magharibi yetu haituchezi mwaka mzima. Ulaya iko kaskazini kuliko tunavyodhani: Roma, mji wa kusini kwao, iko kaskazini kidogo ya New York. Brussels, mwezi Juni, jua linazama karibu saa nne usiku, na kiza kamili hakiingii, ndipo wanavyuoni wakahitilafiana Isha ihesabiwe vipi. Desemba linazama kabla ya saa kumi na moja jioni, na Adhuhuri, Alasiri na Magharibi zote zinabanana ndani ya saa za kazi. Ibn Abbas (R.A.) amepokea kuwa Mtume (S.A.W.) aliwahi kuunganisha swala akiwa Madina bila hofu wala safari. Mipaka ya ruhusa hiyo ina mjadala mrefu. Usiende kuujifunzia kwenye choo cha kiwandani dakika tano kabla ya zamu.

Riba nitaigusa kwa ufupi, ingawa kwa Marekani ndiyo ninayoiogopa zaidi. Huko mtu hupimwa kwa historia yake ya mikopo. Asiyewahi kukopa hupata taabu hata kupanga nyumba. Chuo kwa deni, gari kwa deni. Ujerumani vyuo vingi vya serikali havitozi ada ya masomo. Baraza la Fatwa la Ulaya liliruhusu mwaka 1999 mkopo wa nyumba ya kuishi kwa masharti ya dharura, na wanavyuoni wengi wakaikataa fatwa hiyo. Mwenye fomu ya chuo mkononi asome kwanza ukurasa wa malipo, kisha aende kwa sheikh akiwa na ukurasa huo, kabla ya kutia saini.

Wale mnaoondoka Septemba, ulizeni majina ya miji, siyo ya mabara. Msikiti uko umbali gani na chumba chako? Chuo kina kanuni gani kuhusu mtandio? Khutba ni kwa lugha gani? Brussels misikiti mingi ilijengwa na Wamoroko na Waturuki walioletwa kwa mikataba ya kazi ya 1964, na shangazi alikaa mwaka mzima hajaelewa khutba. Ohio anayehutubu huzungumza Kiingereza, na safu ina Msomali, Mpakistani na Mmarekani mweusi bega kwa bega. Jumuiya yetu inao ndugu waliokwishakwenda. Tuwapigie simu sasa, tuandike majibu yao, tuyabandike ubaoni pale msikitini kabla ya mitihani.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.