Damu ya Halabja tunaipima kwa mizani gani?

Hebu tujiulize swali ambalo si jepesi. Muislamu anapouawa kwa dhulma, uzito wa damu yake tunaupima kwa kumtazama aliyeuawa au aliyeua? Nauliza kwa sababu upo mji mdogo wa Wakurdi, Halabja, ambao ni nadra kuusikia katika khutba na mihadhara yetu. Nachelea kwamba ukimya huo ndio jibu lenyewe.

Halabja uko kaskazini mashariki mwa Iraq, karibu kabisa na mpaka wa Iran. Machi 1988, vita vya nchi hizo mbili vikiwa katika mwaka wa nane, majeshi ya Iran na wapiganaji wa Kikurdi waliuteka. Tarehe 16, mwishoni mwa Rajab 1408, zikaja ndege za Saddam Hussein. Kwanza zilidondosha mabomu ya kawaida, na watu wakakimbilia mahandaki na vyumba vya chini ya nyumba. Kisha ikaja gesi ya sumu. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, hutambaa chini na kuingia mashimoni, kwa hiyo pale walipokimbilia kujiokoa ndipo ilipowafuata. Walionusurika husimulia harufu kama ya matufaha. Watu wapatao 5,000 walikufa, wengi wao wanawake na watoto, na maelfu wengine wakabaki na macho na mapafu yaliyoungua. Picha iliyozunguka dunia ni ya baba wa Kikurdi aliyeanguka nje ya nyumba, kitoto chake mikononi, wote wamekufa.

Lipo linaloniuma zaidi. Kampeni ya mwaka huo ya kuvifuta vijiji vya Wakurdi ilipewa na serikali ya Baghdad jina la Anfal. Ndiyo, Al-Anfal, sura ya nane, inayozungumzia Badri. Human Rights Watch ilikadiria waliouawa katika kampeni hiyo kuwa kati ya 50,000 na 100,000. Wakurdi wenyewe hutaja 182,000. Chama cha Baath, ambacho hakikutaka kabisa dini iongoze dola, kilichukua jina la sura na kulitumia dhidi ya watu wanaoswali na kufunga, kana kwamba wao ndio makafiri wa Badri na mali zao ni ngawira. Mwaka 2006 Waislamu duniani waliandamana dhidi ya vikatuni vya Denmark, na walikuwa na haki. Kwa jina hili la Anfal, nani aliandamana?

Najua hoja itakayoletwa: Halabja ni hadithi ya Wamarekani, Bush aliitumia kuhalalisha uvamizi wa 2003. Ni kweli aliitumia, na unafiki wake ulikuwa wa wazi. Mwaka 1988 Washington ilikuwa upande wa Saddam, na maafisa wake wakadai kuwa Iran nayo ilihusika. Azimio namba 612 la Baraza la Usalama, la Mei mwaka huo, lililaani silaha za kemikali bila kumtaja Saddam wala Iraq kuwa ndiyo mkosa. Mfanyabiashara wa Kiholanzi, Frans van Anraat, alihukumiwa jela nchini kwake mwaka 2005 kwa kuiuzia Baghdad kemikali. Yote hayo tuyaseme kwa sauti. Lakini Bush aliokota fimbo aliyoikuta imelala njiani. Laiti watawala wa Kiarabu na maulamaa wao wangesimama mwaka 1988, angepata wapi ya kuwahubiria Waislamu miaka 15 baadaye?

Badala yake, mwaka 1991 Saddam aliweka Allahu Akbar kwenye bendera, akairushia Israel makombora, na kwa wengi akawa shujaa wa umma. Alipenda kujifananisha na Salahuddin, aliyezaliwa Tikrit, jirani na kijiji chake. Salahuddin alikuwa Mkurdi.

Mtume (s.a.w.) alipoamrisha kumnusuru ndugu hata akiwa dhalimu, alifafanua kwamba kumnusuru huko ni kumzuia na dhulma yake. Wapo wanaolishika neno la kwanza wakaliacha la pili, na wanaliita hilo umoja.

Saddam alinyongwa 30 Desemba 2006 kwa mauaji ya Dujail, kesi ya Anfal ikiwa bado inaendelea. Kwa hiyo watu wa Halabja hawakupata kumsikia akijibu kuhusu wao. Aliyehukumiwa kwa ajili yao ni binamu yake, Ali Hassan al-Majid, Januari 2010, akanyongwa mwezi huohuo.

Na tusidhani kwamba wanasiasa wa Kikurdi waliwatendea haki. Machi 2006 wananchi wa Halabja, vijana wengi miongoni mwao, walilichoma moto jengo la kumbukumbu la mji wao wenyewe. Walichoka kuona wageni wakubwa wakiletwa kupigwa picha huku wao hawana barabara wala maji ya uhakika. Bunge la Iraq liliidhinisha Halabja kuwa mkoa kamili mwaka 2025. Mpaka leo wapo wazazi wanaowatafuta watoto waliopotezana nao siku ile. Baadhi yao walichukuliwa wachanga hadi Iran na kulelewa huko kwa majina mengine. Wachache wamerudi wakiwa watu wazima, hawajui Kikurdi, na vipimo vya damu ndivyo vilivyowaonyesha mama zao.