Wajibu na Lawama katika Kutafuta Mtoto

Tamaa ya kupata mtoto ni katika tamaa kongwe za binadamu, na haina aibu. Mwenye shamba hutamani wa kumrithi, mwenye jina hutamani wa kulichukua, na asiye na shamba wala jina hutamani sauti ndogo ya kumwita mama au baba. Lakini tamaa hii ina tofauti moja na tamaa nyingine nyingi. Atakaye elimu husoma, na aghalabu huipata. Atakaye nyumba huweka akiba, na aghalabu huijenga. Atakaye mtoto aweza kutenda yote yaliyo katika uwezo wake, na bado akakosa. Hapo ndipo linapozuka swali la haki: je, ni halali mtu kulaumiwa kwa kukosa kitu ambacho juhudi yake yaweza kukisaidia, lakini haiwezi kukiamuru?

Swali hilo si la kufikirika tu. Huwalemea kila siku wanawake walio na sindromu ya ovari zenye vifuko vingi, hali ambayo hukadiriwa kumpata yapata mwanamke mmoja katika kila 10 walio katika umri wa kuzaa, na ambayo wengi wao hawajaambiwa kamwe kuwa wanayo. Si maradhi mapya. Mwaka 1721 tabibu Antonio Vallisneri wa Italia aliandika habari za mke kijana wa shamba, mnene kiasi, asiyezaa, ambaye ovari zake zilikuwa nyeupe, zenye vinundu, na kubwa kama mayai ya njiwa. Mwaka 1935 madaktari Irving Stein na Michael Leventhal wa Chicago walieleza habari za wanawake 7 wa namna hiyo, ambao waliwapasua na kuwaondolea kipande cha ovari. Hedhi ilirejea kwa wote 7. Wawili walipata mimba. Kisu kilikuwa kile kile, na mikono ile ile, lakini bahati haikuwa moja. Mwenye kutafuta haki katika jambo hili na aikumbuke hesabu hiyo ndogo.

Kazi ya ovari zenye afya hufanana na mashindano ya mbio. Kila mwezi vifuko kadhaa vyenye mayai huanza kukua pamoja. Kimoja huvitangulia vingine, hupevuka, na huliachilia yai lake. Katika hali inayoelezwa hapa wakimbiaji ni wengi, lakini aghalabu hakuna afikaye. Vifuko husimama njiani vikiwa vidogo, vimejipanga ukingoni mwa ovari. Kwa hiyo jina lenyewe la maradhi hupotosha kidogo, maana vifuko hivyo si uvimbe wa kuogofya, bali ni mayai yaliyokwama safarini. Sababu yake haikutokana na tendo moja. Hali hii hufuata koo, mama na binti, dada na dada. Kwa wengi, mwili hauitii sawasawa homoni ya insulini, iliyo na kazi ya kuiongoza sukari ya damuni. Basi insulini huongezeka, na wingi wake huzichochea ovari kutengeneza homoni za kiume kupita kadiri. Ndipo hedhi hupotea kwa miezi, chunusi hudumu usoni, nywele huota kidevuni, na uzito hupanda upesi na kushuka kwa shida. Wamo pia wembamba, ambao hakuna awadhaniaye kuwa wagonjwa.

Na achukuliwe mke mmoja kwa mfano, wa mji wowote wa pwani kati ya Lamu na Kilwa. Ameolewa miaka mitatu, na hedhi yake huja mara nne au tano kwa mwaka. Mavyaa humwuliza habari za afya, akimaanisha habari za tumbo. Wifi humpa mtoto ampakate, kisha humchukua upesi kuliko ilivyo lazima. Harusini huombewa dua mbele za watu pasipo kuiomba. Amekunywa kombe kwa huyu, amechemsha mizizi ya yule. Siku moja hwenda hospitali. Hupimwa damu, hutazamwa kwa mawimbi ya sauti, na daktari humtajia jina la maradhi yake. Kwa muda wa saa moja hupata faraja, maana kilicho na jina si laana. Kisha daktari humwambia la pili: apunguze sukari na unga mweupe, atembee kila siku, apunguze uzito, kwani mtu mnene akipunguza hata sehemu 5 katika 100 za uzito wake, hedhi yaweza kurudi na yai kupevuka. Shauri hilo ni la kweli, na ni jema. Lakini likifika nyumbani hubadilika sura. Jana aliitwa tasa. Leo huitwa mlafi. Kila andazi alilokula tangu utoto hugeuka shahidi wa kumshitaki.

Kosa la mashtaka hayo huonekana yakitazamwa kwa utulivu. Watu husema: ikiwa mwenendo wake waweza kuleta nafuu, basi mwenendo wake ndio ulioleta maradhi. Lakini nafuu ni kitu kimoja, na chanzo ni kitu kingine. Miwani humsaidia mwenye macho dhaifu, wala hakuna amwambiaye kuwa macho yake yalidhoofika kwa kutovaa miwani. Tena uzito ambao mke huyu hulaumiwa kwao ni katika matunda ya maradhi hayo hayo; kumkaripia kwa ajili yake ni sawa na kumkaripia mwenye homa kwa kutetemeka. Wajibu hutazama mbele, lawama hutazama nyuma. Wajibu huuliza: ni kipi chaweza kufanywa kesho? Lawama huuliza: ni nani aliyekosa jana? Mke huyu ana wajibu, kwa kuwa uwezo wa kutenda huzaa wajibu wa kutenda. Lakini hana hatia, kwa kuwa hakuna aliyewahi kujichagulia ovari zake.

Na hata wajibu ukitimizwa wote, matokeo hayamo mkononi mwake. Mwaka 2014 yalitangazwa matokeo ya utafiti mkubwa uliofanywa Marekani juu ya wanawake 750 wenye hali hii waliotaka kuzaa. Baadhi yao walipewa klomifeni, dawa iliyojulikana tangu miaka ya 1960. Wengine walipewa letrozoli, dawa ambayo kwanza ilitumiwa kwa saratani ya matiti. Dawa zilitolewa kwa mizunguko isiyozidi mitano. Katika kila 100 waliopewa klomifeni, yapata 19 walijifungua mtoto hai; katika kila 100 waliopewa letrozoli, 27 au 28. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2023 huitaja letrozoli kuwa dawa ya kwanza ya kupevusha yai kwa wanawake hao, ikiwa hakuna sababu nyingine ya ugumba. Huo ni ushindi wa elimu, na kila mwenye hali hii ana haki ya kuujua. Lakini hesabu hiyo ina upande wa pili. Hata kwa dawa iliyoshinda, zaidi ya 70 katika kila 100 hawakupata mtoto katika muda ule. Nao walimeza vidonge, walihesabu siku, walitumaini asubuhi na kuvunjika moyo jioni. Je, yuko hakimu awezaye kusimama kati ya makundi hayo mawili, akasema hawa walistahili na hawa hawakustahili?

Kutoka hapo wengine hukimbilia ukingo wa pili wa mto. Husema: ikiwa matokeo si ya binadamu, juhudi ni ya nini? Na aketi, angoje majaliwa. Kweli subira yavuta heri, lakini mithali haikusema kuwa subira ni kuketi. Mkulima hana amri juu ya mvua, walakini asiyelima hana haki ya kuinung'unikia mbingu. Tena hali hii haiachwi bila ya madhara. Hedhi ikikosa kuja kwa miezi mingi, utando wa ndani wa mji wa mimba waweza kunenepa na kuleta hatari ya saratani. Na kisukari humnyemelea mwenye hali hii kuliko wenzake. Kwa hiyo matibabu ni haki yake hata kama hataki mtoto kabisa. Nyumba imharakishayo mke hospitali kwa ajili ya mjukuu, na kumsahau mke mjukuu asipopatikana, haikumtibu mtu. Ilikuwa ikitengeneza chombo.

Wahenga walisema: mficha uchi hazai. Mithali hiyo hukumbushwa wanawake mara nyingi kuliko wanaume, ilhali yenyewe haikumtaja mwanamke wala mwanamume. Katika jamaa nyingi mke hupimwa mara tatu kabla ya mume kupimwa mara moja. Na hali sababu za upande wa mume huhusika katika yapata nusu ya ndoa zinazochelewa kuzaa, na kipimo cha kwanza cha mbegu zake hakihitaji kisu wala sindano. Hata mke akiwa amekwisha kujulikana kuwa na ovari zenye vifuko vingi, mume hajatoka katika hesabu. Kumpa mke dawa miezi mitano pasipo kujua hali ya mbegu za mume ni kulima, kupalilia na kumwagilia shamba ambalo hakuna aliyejali kutazama kilichopandwa. Mume akataaye kupimwa kwa kuchunga heshima yake huinunua heshima hiyo kwa machozi ya mwenziwe. Ikiwa lawama lazima ipate mahali pa kukaa katika habari hii, basi mahali pake ni hapo: si juu ya mwili ulioshindwa, bali juu ya nia iliyokataa. Lakini mume apimwaye pamoja na mkewe, alaye chakula kile kile alichoshauriwa mkewe, na atembeaye naye jioni, ameugawa mzigo uliokuwa wa mmoja ukawa wa wawili.

Mafundisho ya dini zinazofuatwa na wengi pwani na bara hayakuufundisha ukali huo. Katika Sura ya Maryamu, Nabii Zakaria alipoomba mrithi alitaja kwanza udhaifu wa mifupa yake mwenyewe na mvi za kichwa chake, ndipo akautaja utasa wa mkewe. Katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli, Penina mwenye watoto alimchokoza Hana asiye nao, hata akalia na kuacha kula. Lakini Elkana, mume wao, hakujiunga na mchokozi, bali alimpenda Hana na kumbembeleza. Yamkini mtu atajibu kwamba wote hao mwisho walipata watoto. Ni kweli, walakini upole wa Elkana ulitangulia kuzaliwa kwa Samweli, wala haukungoja mtoto ili upate sababu.

Mke wa mfano huu huenda akazaa mwakani, maana wengi wenye hali hii hatimaye huzaa, wengine kwa dawa na wengine bila ya dawa. Huenda asizae. Haki yake haingoji habari hiyo. Ikiwa ataheshimiwa siku ya kujifungua tu, basi heshima hiyo ilikuwa ujira, na ujira hulipwa mtumishi. Mavyaa amwulizaye habari za afya na akamaanisha afya, wifi amwachaye ampakate mtoto mpaka mtoto mwenyewe atake kushuka, mume aketiye naye mbele ya daktari: hao hawakumpa mtoto, kwa kuwa hawana uwezo wa kumpa. Wamempa kilicho katika uwezo wao. Mtoto ni majaliwa, na uadilifu ni wajibu. Cha kwanza binadamu hawezi kujipa; cha pili hana udhuru wa kukinyima.